Pakiti Iliyo Hai: Kuzielewa Pembejeo za Kibayolojia Mashambani Magharibi mwa Kenya

Wiki ya saba baada ya kupanda, niling'oa mche mmoja wa soya katika shamba letu la Emuhaya, kaunti ya Vihiga, nikaosha mizizi yake kwa maji ya ndoo, nikaikagua. Nilikuwa natafuta vinundu, vile vivimbe vidogo vinavyokaribia punje ya mtama kwa ukubwa. Sikuona hata kimoja. Nikang'oa wa pili, wa tatu, wa kumi. Mizizi mitupu, na majani ya juu yalikuwa yameanza kupauka. Pakiti ya bakteria wa soya nilikuwa nimeitumia yote, na maagizo niliyafuata neno kwa neno. Usiku huo ndipo nilipokumbuka mahali muuzaji alipoitoa: rafu ya dirishani, upande unaopigwa na jua la alasiri. Nilikuwa nimezipaka mbegu zangu unga mweusi wenye bakteria waliokwisha kufa.

Hasara ile ilinifunza kuliko semina yoyote niliyohudhuria, kwa maana ilinilazimisha kuuliza swali ambalo sikuwa nimeliuliza: ndani ya pakiti hii mna nini hasa? Kama ni kiumbe, kinaishije, kinakula nini, kinauawa na nini? Siku hizi ukiingia agroveti yoyote, iwe Luanda ya Vihiga, Kibuye mjini Kisumu au katikati ya Nakuru, utakuta rafu nzima ya bidhaa zenye picha ya jani la kijani. Zote zinaitwa za kibayolojia, zote zinasemekana kuponya udongo. Mkulima anayetoa shilingi zake anastahili kuelezwa tofauti zao, maana nyingi hazifanani hata kidogo.

Tuanze kwa kutenganisha. Samadi na mboji ni chakula cha udongo. Zina viumbe ndani yake, ndiyo, lakini kazi yake kubwa ni kurudisha kaboni na virutubisho, na zinahesabiwa kwa mikokoteni. Majani ya alizeti pori, vile vichaka vyenye maua ya manjano vilivyojaa kwenye nyua zetu kutoka Maseno hadi Butere, yako kundi hilohilo. Watafiti waliofanya kazi Maseno miaka ya 1990 walipima wakakuta majani yake makavu yana takribani asilimia 3.5 ya nitrojeni na asilimia 4 ya potasiamu, kiasi kinachoizidi samadi nyingi za kienyeji. Ni mbolea nzuri sana, tena ya bure. Gharama yake ni mgongo wa anayekata na kubeba.

Kundi la pili ni sumu zitokanazo na mimea. Hapa Kenya hatuna haja ya mfano wa mbali, tuna pareto. Nyanda za juu za Nakuru, kuanzia Molo hadi Mau Narok, zililisha soko la dunia kwa maua hayo kwa miongo mingi, na kuna wakati sehemu kubwa ya pareto yote duniani ilitoka Kenya. Dawa yake huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu, kisha huvunjika upesi ikipigwa na jua, na ndiyo sababu haibaki shambani kwa miezi. Lakini haichagui. Nyuki akiguswa nayo hufa, na samaki nao hufa ikimwagika mtoni. Vivyo hivyo maji ya majani ya tumbaku ambayo baadhi yetu huchemsha jikoni: nikotini iliyomo inaweza kumdhuru mtu anayeyashika bila glavu. Basi kitu kutoka kwenye mmea hakuthibitishi usalama wake. Nasisitiza hili kwa sababu nimewasikia wauzaji wakiwaambia akina mama, "Hii ni ya asili, hata mtoto anaweza kunyunyizia." Si kweli, na ni hatari kusema hivyo.

Kundi la tatu ndilo linalonihangaisha: viumbe hai vinavyouzwa. Bakteria, kuvu, utitiri, nyigu wadogo. Hawa hawahesabiwi kwa uzito. Wanahesabiwa kwa walio hai, na kila mmoja anajua kazi moja.

Rudi nami kwenye soya. Hewa tunayoivuta ina nitrojeni asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia, maana atomu zake mbili zimefungamana kwa nguvu mno. Viwanda huzitenganisha kwa joto kali na shinikizo kubwa, kwa kutumia gesi asilia, na hapo ndipo mbolea za CAN na yurea zinapotoka. Baadhi ya bakteria hufanya kazi hiyohiyo kwenye udongo wa kawaida, bila moto. Wanaoishi na jamii ya kunde huitwa rhizobia. Mzizi wa mmea hutoa ujumbe wa kikemikali, bakteria aliye karibu hujibu kwa ujumbe wake, wakikubaliana unywele wa mzizi hujikunja na kumkaribisha ndani. Mmea hujenga kinundu kumzunguka na kumlisha sukari. Yeye hulipa kwa nitrojeni.

Kimeng'enya kinachovunja nitrojeni huharibika kikikutana na oksijeni nyingi. Kwa hiyo kinundu hutengeneza protini inayoidhibiti oksijeni, ndugu wa ile iliyo katika damu yetu, na rangi yake ni nyekundu. Kipasue kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu au waridi ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe, kijani au kijivu, hakuna kinachoendelea humo. Sijui kipimo kingine cha shambani kilicho rahisi na cha kweli kama hiki, na hakigharimu senti.

Sasa, "wakikubaliana" ni neno zito. Rhizobia wa maharagwe si wa soya. Soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na mashamba yetu mengi hayakuwahi kuwa na bakteria anaoelewana nao. Ukiipanda kavu, yaani bila kuipaka bakteria, inabaki kama mgeni asiyejua lugha ya mji. Ndiyo maana wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha IITA kule Nigeria walitengeneza aina za soya zisizochagua sana, zile zenye herufi TGx, na mojawapo ndiyo inayojulikana hapa magharibi kama SB19. Hata hizo hufanya vizuri zaidi zikipakwa. Kunde na njugu karanga, kwa upande mwingine, hupata washirika tele kwenye udongo wa Afrika, na mara nyingi kuzinunulia pakiti ni kutupa pesa. Na maharagwe? Maharagwe huungana na bakteria kwa urahisi kisha hufanya kazi kidogo. Ukilinganisha na soya, ni mmea mvivu. Ninayapenda mezani, lakini sidanganyi mtu kwamba mistari michache ya maharagwe katikati ya mahindi itaondoa haja ya mbolea.

Nchini Kenya bakteria hawa walianza kutayarishwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na wakati fulani waliwekwa kwenye tope linalobaki viwandani baada ya kuchuja maji ya miwa, tope ambalo watu wa Mumias na Muhoroni wanalijua vizuri. Baadaye kampuni ya MEA iliyoko Nakuru ikachukua leseni na kuwauza kwa jina la BIOFIX. Kiwango kinachotarajiwa kwa pakiti nzuri ni bakteria bilioni moja katika kila gramu. Ni idadi inayotisha, lakini joto huipunguza haraka. Pakiti ikifungiwa ndani ya matatu iliyoegeshwa juani, au ikiwekwa rafu ya dirishani, unabaki na tope lenye lebo.

Upakaji wenyewe si mgumu. Mbegu huwekwa kwenye karai safi, chini ya mti au ndani ya nyumba, zikaloweshwa kidogo kwa maji yenye gundi inayokuja na pakiti, kisha unga ukanyunyizwa na kukorogwa taratibu hadi kila mbegu ivae koti jembamba jeusi. Zipandwe siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na zifukiwe mara moja. Mbegu iliyokwisha kuwekwa dawa ya ukungu haifai, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuwaua bakteria pia. Na jambo ambalo wengi hulikosea: usiweke CAN wala yurea kwenye soya hiyo. Mmea ukipata nitrojeni ya bure kwenye udongo hauna sababu ya kumlisha mgeni, na vinundu havijengwi.

Kuna kukosea kwingine, tena kwa watu wenye nia njema. Tunasema soya "inaacha nitrojeni" kwa ajili ya mahindi ya msimu ujao. Inaacha kiasi, ndiyo. Lakini sehemu kubwa huondoka ndani ya nafaka, maana soya ni chakula cha protini na protini ni nitrojeni. Ukiung'oa mmea mzima na mizizi yake, ukaupura uani na kuwapa ng'ombe mabaki, shamba limebaki na kidogo sana. Katia juu ya ardhi, rudisha maganda na mabua. Hapo utaona tofauti kwenye mahindi.

Tuseme umepata pakiti hai, umeipaka vizuri, na bado vinundu ni haba. Hapa ndipo tunapogusa jambo linalotuuma sana sehemu hizi. Udongo mwingi wa Vihiga, Kakamega na sehemu za Siaya ni mchachu. Pale pH, kipimo cha uchachu, inaposhuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi, na fosforasi hufungwa kwa chuma na alumini kiasi kwamba mmea hauifikii. Rhizobia wengi hawaupendi uchachu huo. Na kinundu ni kiwanda chenye njaa ya fosforasi, kwa sababu nishati inayotumika kuvunja nitrojeni hubebwa na molekuli zilizojengwa kwa fosforasi. Kuwaleta bakteria bilioni kwenye udongo usio na fosforasi ni kama kuajiri wapishi mia jikoni kusiko na kuni.

Kwa hiyo, pakiti ya bei ya chini ya yote kwa mkulima wa Emuhaya huenda ni ile asiyoinunua kabla ya kupima udongo. Chokaa tunayo karibu; mawe ya chokaa huchimbwa na kusagwa Koru, kaunti ya Kisumu. Mbolea za fosforasi zisizo na nitrojeni zipo, zilizotengenezwa mahususi kwa jamii ya kunde. Nimekutana na watu wanaoshikilia kwamba kutumia pembejeo za kibayolojia kunamaanisha kuapa kutogusa mbolea ya kiwandani tena. Naheshimu nia yao, lakini udongo ambao fosforasi yake imefungwa au imekwisha haurejeshewi na bakteria. Nitrojeni iko hewani na kuna wa kuitoa. Fosforasi haipo hewani. Ni lazima itoke kwenye jiwe, mfupa, samadi au mfuko.

Uhaba huo wa fosforasi ndio unaofungua mlango kwa adui mkubwa wa mahindi huku kwetu, gugu linalonyonya mizizi yake. Wajaluo humwita kayongo, Waluhya oluyongo, na wanasayansi Striga. Maua yake ya zambarau hupendeza, na ndiyo uchungu wake: ukiyaona, madhara mengi yamekwisha kutendeka chini ya ardhi. Mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu laini kama vumbi, zinazoweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Zinasubiri nini? Zinasubiri harufu ya mzizi.

Hapa ndipo ninapostaajabia jinsi maumbile yalivyosukwa. Mmea wa mhindi ukikosa fosforasi, mizizi yake hutoa kemikali zinazoitwa strigolaktoni. Kwa miaka mingi zilijulikana tu kama kitu kinachoamsha mbegu za Striga, na lilikuwa fumbo: kwa nini mmea umwite mwuaji wake? Jibu lilipatikana mwaka 2005. Mhindi haumwiti kayongo. Unamwita rafiki, kuvu wa mikoriza, ambao nyuzi zao nyembamba hufika mbali kuliko mizizi na kuuletea mmea fosforasi. Kayongo anadukua wito huo. Mmea wenye njaa unaita kwa sauti kubwa zaidi, na mwizi anasikia vizuri zaidi. Ndiyo sababu kayongo hujaa kwenye mashamba yaliyochoka, na ndiyo sababu shamba lililorutubishwa huanza kumshinda hata kabla ya dawa yoyote. (Kuvu hao wa mikoriza nao huuzwa kwenye pakiti. Udongo mwingi tayari unao wa kwake, na matokeo ya walioongezwa hutofautiana mno shamba hadi shamba. Mimi singeanza nao.)

Dhidi ya kayongo tuna njia mbili za kibayolojia zilizozaliwa au kukulia hapahapa, na zinatenda kazi kwa namna tofauti kabisa.

Ya kwanza ni sukuma-vuta. Ilianza miaka ya 1990 katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, chini ya Zeyaur Khan, kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Lengo la mwanzo halikuwa kayongo bali funza wa mabua. Kuzunguka shamba hupandwa nyasi ya nepia, inayomvutia nondo atage mayai humo, na funza wengi wanaoanguliwa hawaishi. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa kutambaa wa jamii ya kunde unaosemekana kuwafukuza nondo kwa harufu. Ndipo watafiti wakaona jambo ambalo hawakulitarajia: penye desmodiamu kayongo alikuwa akitoweka. Mizizi yake hutoa kemikali za aina mbili. Baadhi huziamsha mbegu za kayongo, nyingine huuzuia mzizi wake mchanga usishike mzizi wa mhindi. Mbegu imeamka, haina pa kunyonya, inakufa. Kila msimu hazina ya mbegu udongoni inapungua.

Kuhusu harufu na nondo, wanasayansi bado wanajadiliana; baadhi ya tafiti za karibuni zimeonyesha kwamba nywele zinazonata za desmodiamu hunasa wadudu wadogo, na huenda hilo lina uzito kuliko harufu. Lakini matokeo shambani hayabishaniwi sana. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, ikaonekana kwamba mashamba yenye toleo la njia hii linalostahimili ukame, lenye desmodiamu ya jani la kijani na nyasi ya brakiaria badala ya nepia, yalikuwa na viwavi wachache zaidi kwa asilimia 80 hivi kuliko mashamba ya mahindi matupu.

Mbona basi si kila shamba la Siaya lina desmodiamu? Sababu naiona kila ninapotembea. Mbegu yake ni ghali na ndogo kama mchanga, msimu wa kwanza inakua polepole na kudai palizi ya mkono, na katika msimu huo magugu hukukatisha tamaa. Anayefaidi haraka ni mwenye ng'ombe wa maziwa au mbuzi, kwa sababu desmodiamu na nyasi ni lishe bora inayolipa hata kabla mahindi hayajaimarika. Asiye na mifugo, au anayelima shamba la kukodi kwa msimu mmoja, hana sababu ya kupanda mmea utakaomfaa mwingine mwaka wa tatu. Hilo ni suala la umiliki wa ardhi, na hakuna bakteria wa kulitatua.

Njia ya pili ni kuvu aina ya Fusarium anayemshambulia kayongo pekee. Wazo la kumtumia lilikuwepo kwa muda, ila aliyepatikana porini hakuwa mkali vya kutosha. Watafiti wakiongozwa na David Sands wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana (Montana State), Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Kenya akiwemo Henry Nzioki, walichagua wale wanaotoa kwa wingi asidi za amino zinazomlemaza kayongo bila kuudhuru mhindi. Kisha wakatatua tatizo lilelile lililoniua mimi msimu wangu wa soya: jinsi ya kumfikisha kiumbe akiwa hai. Mbegu ya kuvu hubebwa kwenye vijiti vya kuchokolea meno hadi kijijini, na huko hukuzwa upya kwenye wali uliopikwa. Mkulima huweka kiasi kidogo cha wali huo, kabla haujakauka, ndani ya shimo pamoja na mbegu ya mahindi. Katika majaribio ya mwaka 2014 kwenye mashamba 500 ya magharibi mwa Kenya, mavuno yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 56.5 msimu wa mvua ndefu na asilimia 42 msimu wa mvua fupi. Mwaka 2021 bidhaa hiyo ikasajiliwa nchini kwa jina Kichawi Kill.

Ninachokipenda zaidi hapo ni uamuzi wa kuikuza karibu na shamba. Kiumbe hai hakipendi safari. Ukipunguza siku kati ya anayekikuza na anayekitumia, umekwisha kushinda nusu ya vita, na kijijini pameongezeka kazi ya mtu kulipwa.

Kwa viwavi, dawa hai mbili ndizo utakazozikuta zaidi. Bt ni bakteria anayetengeneza fuwele ya protini. Kiwavi lazima aile. Tumbo lake lenye hali ya magadi huiyeyusha, ukuta wa utumbo hutoboka, naye huacha kula baada ya saa chache na kufa siku kadhaa baadaye. Tumbo letu lenye asidi haliwezi kuiamsha fuwele hiyo kwa namna ile. Metarizia ni kuvu: mbegu zake hunata kwenye ngozi ya mdudu, zikachipua na kupenya ndani. Zote mbili huharibiwa na jua, hivyo hunyunyizwa jioni, na zote mbili hutaka viwavi wachanga. Kiwavijeshi aliyenenepa, aliyejifungia ndani ya kikonyo cha mhindi na kuziba mlango kwa kinyesi chake, amekwisha kukupita. Jirani yangu alinyunyizia asubuhi akakagua adhuhuri, akakuta viwavi bado wanatembea, akarudia na sumu kali mchana huohuo. Simlaumu. Aliuziwa dawa bila kuambiwa kwamba kiwavi anayetembea huenda ameacha kula, na kwamba cha kukagua kesho ni matundu mapya kwenye majani.

Mambo huenda vizuri zaidi pale mkulima anapoweza kuyadhibiti mazingira. Naivasha, ndani ya kaunti ya Nakuru, mashamba ya waridi huachilia utitiri walao wenzao kwenye mabanda ya plastiki ili wawale utitiri mwekundu. Banda limefungwa, hewa inapimwa, kuna mfanyakazi wa kukagua majani kila siku. Usihamishe matokeo ya banda lile moja kwa moja hadi nusu ekari ya nyanya ya Ahero.

Na kuna maradhi ambayo, kwa maoni yangu, muuzaji mwaminifu hapaswi kuyaahidia chochote. Mnyauko wa bakteria kwenye viazi vya Molo ni mmoja. Kuvu wa Trikoderma husaidia dhidi ya kuvu wanaoozesha miche kitaluni, lakini kwa mnyauko huo tegemea mbegu safi na kubadilisha mazao.

Hayo yanatupeleka kwenye uaminifu wa pakiti zenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima bidhaa 65 za vijidudu zilizokuwa sokoni. Takribani asilimia 40 hazikuwa na hata aina moja ya viumbe vilivyotajwa kwenye lebo; zilikuwa na vichafuzi tu. Soma sentensi hiyo tena. Mkulima hawezi kuona kwa macho kama unga mweusi una bakteria bilioni au hauna kitu. Mbolea bandia ya mfuko angalau unaweza kuishuku kwa kuishika. Ndiyo sababu usajili si urasimu wa bure: dawa za wadudu na magugu, hata za kibayolojia, sharti zipite kwenye PCPB, bodi ya serikali ya kudhibiti dawa hizo, na namba ya usajili iwe kwenye lebo. Tafuta namba hiyo. Tafuta jina kamili la kiumbe, idadi kwa kila gramu au mililita, na tarehe ya mwisho. Lebo inayosema tu "vijidudu vyenye manufaa" haijakuambia kitu. Kisha muulize muuzaji anaihifadhi wapi. Akikunyooshea kidole dirishani, mshukuru uende zako.

Msimu uliofuata nilipanda soya tena, palepale. Nilianza na chokaa miezi miwili kabla, kwa kuwa vipimo vilionyesha pH ya 5.1. Pakiti niliichukua siku moja kabla ya kupanda, kutoka kwa duka linalozihifadhi chumba cha ndani chenye ubaridi, nikaibeba ndani ya kiondo, imefungwa kwa kitambaa chenye unyevu. Shangazi yangu alinisaidia. Mistari mitatu tuliipanda kavu, na tuliianza hiyo kabla hatujagusa unga, ili mikono isihamishe bakteria. Tukaweka vijiti vya alama.

Wiki ya saba tulirudi na jembe. Mistari mikavu ilitoa mizizi yenye vinundu viwili vitatu hapa na pale. Iliyopakwa ilikuwa na vishada karibu na shina. Shangazi akachuma kimoja, akakipasua kwa ukucha wa kidole gumba, akakiinua kwenye mwanga.

"Kumbe kina damu, mwanangu," alisema.

Akataka kujua kama tungeweza kuwapaka bakteria hao kwenye mbegu za mahindi mwezi Machi. Nikamweleza kwamba mhindi hauna mlango wa kuwafungulia. Alinyamaza kidogo, akitazama mistari ya aina zote mbili, kisha akaniambia nisiing'oe soya wakati wa kuvuna. Niikate kwa panga, mizizi ibaki chini.